UZI: Umepata fildi Bungeni Dodoma? Pita hapa kabla hujaripoti

Karani wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukikaribia, PM yangu inajaa vijana wa UDOM, Mzumbe, St. John's na kwingineko: "Kaka, nimepangiwa Ofisi ya Bunge, naenda kufanya nini kule?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimekaa kwenye sekretarieti za kamati miaka ya kutosha, nimewaona wakiingia na kutoka, kwa hiyo ninachokijua nakiweka hapa. Wenye uzoefu mtaongezea, wabishi nao karibuni.

Naanza na jambo ambalo wengi hulijua wiki ya mwisho wakiwa wanahangaika na ripoti ya chuo. Bunge unaloliona kwenye runinga ni mwisho wa kazi, siyo kazi yenyewe. Spika anapoingia na siwa ikiwa mbele, dua ikasomwa, Katibu Mezani akaita shughuli ya kwanza, karibu kila kitu cha asubuhi ile kimeshaandikwa mahali. Swali lina namba yake. Jibu la Naibu Waziri limeshachapwa. Taarifa ya kamati Mwenyekiti ameshaisaini. Nini kinafuata baada ya nini, kipo kwenye Orodha ya Shughuli. Kijana anayekuja akitegemea kukaa jukwaani kusikiliza wakubwa wakirushiana vijembe ataondoka anajua sura tu. Anayezifuata karatasi ndiye anayeondoka analijua Bunge.

Kalenda sasa. Bunge halikai mwaka mzima. Kuna Mkutano wa mwanzoni mwa mwaka, Januari kuingia Februari. Kuna ule mrefu wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na pesa lazima ziwe zimepitishwa. Halafu miwili mifupi, mmoja wa kati ya Agosti na Septemba, mwingine wa Novemba ambao Serikali huleta mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo. Siku moja ya kukaa ndani ya Mkutano ndiyo Kikao. Ukivichanganya hivyo viwili utapekua Hansard (taarifa rasmi ya yaliyosemwa Bungeni) ya siku nyingine kabisa, maana kila Hansard imeandikwa Mkutano wa ngapi na Kikao cha ngapi.

Shida ni kwamba fildi za vyuo vingi zinaangukia Julai hadi Septemba. Bajeti imepita, waheshimiwa wako majimboni, ukumbi umefungwa. Siku ya tatu tu kijana ananiandikia: "Kaka, huku hakuna kitu." Mimi nasema umepata bahati. Njoo mwezi Mei uone kama kuna mtu mwenye nafasi ya kukuelekeza hata choo kiko wapi.

Na kamati hazingoji Mkutano uanze, hukutana kabla yake. Chukua PAC na LAAC, kamati zinazosimamia hesabu za Serikali Kuu na za Serikali za Mitaa. CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, anampa Rais ripoti mwishoni mwa Machi, inawasilishwa Bungeni kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, magazeti yanaandika wiki mbili, watu wanasahau. Kwa kamati hizo kazi ndiyo inaanza. Wanaita Afisa Masuuli (anayewajibika kwa fedha za taasisi) mmoja baada ya mwingine, hoja kwa hoja, hadi risiti. Ukipangiwa huko umekaa nyuma ya makatibu wa kamati na daftari lako, utajifunza uendeshaji wa Serikali kuliko mihula miwili ya darasani.

Kazi ya kwanza watakayokujaribu nayo ni rasimu ya muhtasari. Hapa karibu kila mgeni anajikwaa pale pale, anaandika kama mtangazaji wa mpira. Nakumbuka rasimu za aina hii: "Mheshimiwa alisema kwa ukali kwamba wizara haina nia na mradi huu na kwamba wananchi wamechoka." Katibu wa kamati anapitisha kalamu, anabakiza: "Kamati ilihoji sababu za kuchelewa kwa mradi. Wizara iliahidi kuwasilisha maelezo kwa maandishi." Ukali umekwenda wapi? Haukuwa kazi yako. Mwezi ujao kamati itataka kujua nani aliahidi nini na lini, na ikikosa hilo kwenye muhtasari wako, umeandika insha.

Kidogo kuhusu kuitana. Mbunge ni Mheshimiwa, mtumishi wa Bunge ni Ndugu. Katibu wa Bunge mwenyewe kwenye Hansard anaandikwa Ndugu. Kijana anayemwita kila mwenye tai "Mheshimiwa" anachekesha tu, hana kosa. Anayemwita mbunge "bosi wangu" kwenye korido ndiye ataitwa pembeni. Na ukiwa unasikiliza mjadala, angalia kiti. Muswada ukiingia Kamati ya Bunge Zima, au makadirio ya wizara yakiingia Kamati ya Matumizi, "Mheshimiwa Spika" anageuka "Mheshimiwa Mwenyekiti" ingawa mtu ni yule yule. Usipolijua hilo utadhani wamebadilishana wakati umeinama kuandika.

Naendelea baadaye, nina kikao.

Mtu wa Nkuhungu

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Shusha mkuu.

Chimwaga Boy

Mleta uzi, heshima yako, lakini usiwapambe vijana. Mimi nimefanya fildi kwenye ofisi ya umma, sitaitaja. Nilikuwa natoa kopi asubuhi, mchana nafuata chakula, jioni natoa kopi. Logibuku nilijaza kwa kutunga. Bungeni kuna tofauti gani?

Karani wa Zamani

Chimwaga Boy, kopi zipo, sikudanganyi, ingawa siku hizi nyaraka nyingi zinaingia kwenye vishikwambi vya wabunge. Ila angalia unatoa kopi ya nini. Muswada ukisomwa mara ya kwanza linatajwa jina lake tu, kisha unakwenda kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni. Ukirudi kwa mara ya pili unakuwa na kitu kinaitwa jedwali la marekebisho. Ibara ya 5 inafutwa, ya 9 inaandikwa upya, ya 14 inaongezewa maneno mawili. Wewe umekabidhiwa kulitoa kopi. Lisome pale pale kwenye mashine na Muswada wenyewe pembeni. Kwa nini wamefuta ya 5? Rudi kwenye maoni ya wadau, utamkuta aliyeipinga. Mwenzako amelitoa kopi na kulibana pini. Wewe umeona sheria ikitengenezwa, tena na makosa yake. Na ukiruka ukurasa mmoja, nusu ya kamati itakuwa Ibara ya 14 nusu ya pili inauliza iko wapi. Kwa hiyo usiidharau mashine.

Sasa nije kwenye kazi ninayoitumia mimi kumpima kijana. Mbunge anataka kuulizia barabara yake kwa mara nyingine. Unaambiwa: "Tafuta Serikali imeshasema nini." Unafungua Hansard kwenye tovuti, zile zenye maneno "Hii ni Nakala ya Mtandao" kwenye kurasa zake, unaandika jina la barabara, hakuna. Unarudi kuripoti kwamba haijawahi kuulizwa.

Imeulizwa, tena sana. Ila safari moja mbunge aliitaja kwa kijiji cha mwisho, safari nyingine kwa daraja, safari nyingine akachangia bajeti akasema "ile barabara yangu, Mheshimiwa Waziri anaijua." Tafuta kwa jina la mbunge na aliyemtangulia, kwa jina la jimbo na jimbo lililokuwepo kabla halijagawanywa. Halafu jua ni barabara ya nani. Ya TANROADS (barabara kuu na za mikoa) utajibiwa na Wizara ya Ujenzi, ya TARURA (za vijijini na mijini) na TAMISEMI, wizara ya Serikali za Mitaa. Na kabla TARURA haijaanza mwaka 2017 barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Kijana asiyejua hilo anapekua majibu ya waziri asiyehusika mchana kutwa.

Ukishayapata, yaweke kwenye jedwali: tarehe, Mkutano, Kikao, namba ya swali, aliyejibu, alichosema. Hapo ndipo utaanza kuyasikia majibu yenyewe. Yote yanaanza "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, napenda kujibu swali kama ifuatavyo", lakini hayalingani uzito. "Itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana" maana yake haipo kwenye kitabu cha bajeti cha mwaka huu. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" maana yake kuna mhandisi mshauri analipwa, ila usitegemee greda. "Usanifu umekamilika, Serikali inatafuta fedha" ndilo jibu linaloweza kudumu miaka mingi kuliko yote. "Taratibu za manunuzi" ni hatua ya kweli. "Mkandarasi yupo eneo la mradi" unaweza kulithibitisha kwa simu moja ya jimboni.

Sasa panga majibu hayo kwa tarehe. Mara nyingine utakuta Serikali ilisema usanifu umekamilika, miaka miwili baadaye ikasema unaendelea. Hilo ndilo mbunge anahitaji. Swali la msingi litajibiwa kwa karatasi iliyoandaliwa wizarani, lakini muulizaji ana maswali mawili ya nyongeza, na Naibu Waziri hajui yatatokea wapi. Jedwali lako likiwa mkononi mwa mtu makini, siku hiyo jibu linakuwa refu kidogo na Waziri mwenyewe anasimama kuongezea. Jina lako halitatajwa popote. Zoea.

Dada wa Hansard

Karani umenikumbusha mbali. Mimi nilianzia upande wa Taarifa Rasmi, niwaambie wadogo zangu wakipangiwa huko.

Sauti inakatwa vipande vifupi, kila mtu anapewa chake, unavaa spika za masikioni unaandika. Unadhani rahisi kwa sababu ni Kiswahili na wewe ni Mtanzania. Mchangiaji anaanza kwa Kiswahili, anaruka kwenye Kiingereza, anatia methali ya Kisukuma, upande wa pili wanaguna, mtu anapiga kelele bila kipaza sauti, kengele inalia, Mwenyekiti anasema "ahsante Mheshimiwa, muda umekwisha, unga mkono hoja", yeye bado anaongea. Hayo yote yana namna yake ya kuandikwa. Wakipiga meza ni (Makofi), wakicheka ni (Kicheko), kengele inaandikwa kwamba ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Sauti uliyoisikia wazi lakini humjui mwenyewe ni MBUNGE FULANI. Mgeni hupenda kubahatisha, "hii ni kama sauti ya fulani". Usithubutu. Ile ni kumbukumbu ya nchi, kesho inaweza kufunguliwa mahakamani.

Cha pili, tarakimu. "Milioni" na "bilioni" zikipita kwenye mdomo wa mtu anayekimbizana na kengele, sikio linadanganya. Usimalize kipande bila kufungua kitabu cha bajeti au hotuba ya waziri ukalinganisha. Kama mbunge mwenyewe ndiye aliyekosea, acha alivyosema. Si kazi yako kumsahihishia takwimu. Unaondoa kigugumizi na maneno yaliyorudiwa bila sababu, maana yake huigusi.

Na jifunzeni majina. Wabunge ni karibu mia nne, wapo wanaofanana majina, wapo wa Viti Maalum ambao huwezi kuwabana kwa jimbo. Mimi nilibandika orodha ukutani chumbani kwangu, mwenzangu wa geto akadhani nagombea.

Mtu wa Nkuhungu

Hahaha eti nagombea 😂

Mwanagenzi Nairobi

Majirani, hamjambo. Huku kwetu mambo yanakaribiana ila kuna utofauti. Katiba ya 2010, Ibara ya 120, imetaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni inamtaka mjumbe aliyeanza kwa lugha moja aimalize hoja yake kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hivyo akichanganya sheng ama Kiingereza katikati, mwenzake anasimama na "hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika", na kikao chote kinacheka. Sisi wanagenzi tulikuwa tunaombea mtu achangie kwa Kiswahili Jumatano alasiri, ilikuwa burudani. Pia ujue uko Bunge la Kitaifa ama Seneti. Mswada wa kaunti unapita kote kuwili, na mwanagenzi asiyejua umefika nyumba gani anapeleka karatasi jengo lisilo lake.

Karani wa Zamani

Ahsante jirani. Hiyo ya kumaliza kwa lugha uliyoanza nayo ingekuja huku, michango mingi ingeishia dakika ya pili. Hoja yenu ya nidhamu kwetu ni "Kuhusu Utaratibu", na vijana waitofautishe na "Taarifa" na "Mwongozo". Anayesimama kuhusu utaratibu anadai kanuni imevunjwa na lazima aitaje ni ipi. Taarifa ni kumpa mzungumzaji jambo, naye ana hiari ya kuipokea. Mwongozo anaombwa aliyekalia kiti. Kaa na kitabu cha Kanuni za Kudumu magotini kikao kimoja tu, kila mtu akisimama fungua ukurasa, utaona wangapi wanaomba mwongozo ili wapate kuchangia.

Katibu Jimbo

Mnazungumza Dodoma tu. Kuna vijana wanapata fildi kwenye ofisi ya mbunge jimboni, kule hakuna Hansard wala kiyoyozi. Saa mbili asubuhi benchi limejaa. Mmoja kafiwa, mmoja ana mtoto kafaulu hana sare, mmoja kafuata bati za zahanati, mzee mmoja kaja kila wiki na hati ya shamba. Kijana mgeni anaona huruma, anasema "mzee usijali, Mheshimiwa atalimaliza." Mkubwa wangu, umeshamfunga Mheshimiwa mdomo. Mzee atalisimulia hilo hadi kwenye mkutano wa hadhara.

Unaandika jina, kijiji, shida, tarehe, basi. Na jifunze mapema kutenganisha mfuko wa mtu na Mfuko wa Jimbo. Ule wa Jimbo una sheria yake ya mwaka 2009, una kamati ambayo mbunge ndiye mwenyekiti, fedha zinapitia halmashauri, na zinakwenda kwenye miradi. Hazinunui jeneza. Ukimweleza mtu aliyefiwa jambo hilo uso kwa uso bila kumwudhi, basi siasa umeijua.

Binti Songea

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi naripoti mwezi ujao, ni sheria mwaka wa tatu. Sina ndugu Dodoma. Naomba kujua malazi, mavazi na kama kuna posho. Pia, samahani kwa swali hili, nimeambiwa wasichana wa fildi kwenye ofisi za wakubwa wanasumbuliwa. Nifanyeje?

Karani wa Zamani

Marahaba mdogo wangu. Panda basi linalopita Iringa na Mtera, usizungukie Morogoro. Chumba tafuta Nkuhungu, Chang'ombe au Ipagala, uchangie na mwenzako. Mwezi wa bajeti usingepata kitu kwa bei ya maana, ila ukifika watu watakuwa wameondoka. Njoo na sweta. Asubuhi za Julai Dodoma zina baridi na upepo wa vumbi.

Posho usiitegemee. Kama una mkopo wa HESLB wenye fungu la mafunzo kwa vitendo, ndiyo hiyo. Na usimwombe mbunge nauli, hata akiwa wa kwenu, hata akikuchekea. Ukishaomba mara moja, kesho akitaka rasimu ya kamati aione kabla ya wenzake utamjibu nini?

Mavazi: gauni au sketi ipite magoti, isibane, mabega yafunikwe. Mwaka 2021 mbunge alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali, sembuse sisi.

Siri: taarifa ya kamati ambayo haijawasilishwa mezani haitoki. Hupigi picha ukurasa "kwa ajili ya ripoti yangu", huweki status ukiwa na faili nyuma yako. Kuna Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge, wewe ni mwanasheria, ianze kuisoma ndani ya basi.

La mwisho nampisha Dada wa Hansard.

Dada wa Hansard

Mdogo wangu, hilo si la Bunge peke yake, ni la kila mahali penye mkubwa na mdogo. Namba yako ya simu si nyaraka ya ofisi, hulazimiki kuigawa. Ukitumwa na karatasi hotelini au nyumbani kwa mtu, mwambie msimamizi wako akupe mwenzako wa kwenda naye, na akikuona unajishaua mwache akuone hivyo. Akijitokeza mtu akakwambia alama zako au ajira vinategemea wewe kukubali jambo, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe, usifute meseji. Mtafute mwanamke mkubwa hapo ofisini siku za mwanzo kabla hujawa na shida, umsalimie tu. Ukija kumhitaji anakuwa anakujua.

Binti Songea

Ahsanteni sana. Mungu awabariki.

Chimwaga Boy

Sawa Karani, kwa lile jedwali la barabara nimekuelewa. Sasa sema ukweli, kijana akipiga kazi hivyo wanamwajiri?

Karani wa Zamani

Hapana. Mwajiri ni Tume ya Utumishi wa Bunge, na nafasi zikitangazwa unaomba kama mtu mwingine yeyote, unafanya usaili kama wote. Tofauti utaiona ndani ya chumba cha usaili, wakikuuliza Muswada unapita hatua gani. Wenzako watataja kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kama walivyokariri. Wewe utawaeleza jedwali la marekebisho linaingia wapi na nani analiandaa.

Binti Songea, ukifika omba upelekwe kamati yoyote inayokutana Agosti, hata ile ya Sheria Ndogo ambayo watu huikimbia. Kwa mwanasheria ile ni shule, maana inapitia kanuni na sheria ndogo zinazomgusa muuza nyanya wa Majengo moja kwa moja. Mwenye swali jingine aliache hapa, nitapita jioni.